Vitabu vya Mapembe

Benigna Kahangwa alikuwa mfamasia katika duka la dawa mjini Bukoba. Watu waliomzoea akiwa na koti lake jeupe, akimweleza mzee mmoja kwa mara ya tatu kwamba kidonge hiki ni cha asubuhi na kile ni cha jioni, wasingeweza kudhani kwamba kichwani mwake kulikuwa na majoka, miji iliyozama majini, na wafalme waliokufa zamani wakakataa kulala. Vyote hivyo alivipata vitabuni. Havikuwa vitabu vya hadithi, vya kusoma ukamaliza ukaweka. Vilikuwa vitabu vya mchezo.

Mchezo wenyewe huchezwa mezani, watu wachache, kwa penseli na dadu. Mmoja huwa msimulizi: anawaambia wenzake wamefika wapi, wanaona nini, nani amesimama mbele yao. Waliobaki kila mmoja huvaa mtu wake, huyu mwindaji, yule mganga, mwingine mwizi aliyetubu nusu, na kusema anachofanya. Pale ambapo hakuna ajuaye kama jambo litafaulu, dadu hurushwa, nazo ndizo huamua. Kitabu hutoa kanuni, ramani na picha. Yaliyobaki yote ni kazi ya midomo.

Alianza alipokuwa akisoma Kampala. Msichana waliyekaa naye chumba kimoja alikuwa na kitabu kimoja cha namna hiyo, jalada limekunjamana, na siku walipoagana akampa. Tangu hapo Benigna akawa kama mtu aliyeonja asali. Akiwa na safari ya kwenda Kampala, alipekua mafungu ya vitabu vya mitumba mpaka wauzaji wakamjua kwa jina. Asipokuwa na safari, aliwatuma watu wa mabasi yanayopita mpakani Mutukula. Vingine alivipata vikiwa vipya, vikubwa, karatasi zake nzito zinang'aa, ukizifungua zinanukia wino. Hivyo alivifungua akiwa ameosha mikono.

Alikuwa amepanga nyumba Kibeta, na mvua za masika zilipoanza kuvuja kupitia dari, jambo la kwanza aliloogopea halikuwa kitanda wala televisheni. Alivifunga vitabu kwenye nailoni, akavipanga katika sanduku la bati, akavipeleka nyumbani Nshamba, wilayani Muleba, kwa mama yake. Ma Clotilda alikuwa mjane, akikaa peke yake katikati ya kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na mumewe. Nyumba yake ilikuwa kavu, na chumba cha Benigna kilikuwa bado na kitanda chake cha usichana.

"Ni nini hiki kizito namna hii?" Ma Clotilda aliuliza.

"Vitabu, mama. Nitavifuata nikishapata fundi wa paa."

Fundi alikuja, akaondoka, akarudi. Paa lilipotengemaa ilikuwa tayari ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na Benigna akachukua likizo fupi akavifuate vitabu vyake.

Aliposhuka Muleba mjini kusubiri gari la Nshamba, njaa ilikuwa imemshika. Palikuwa na mwanamke kijana anauza senene wa kukaanga, jina lake Joyness, na sinia lake lilinukia mpaka ng'ambo ya barabara. Benigna akaomba. Joyness akachukua karatasi, akaizungusha ikawa kikombe chenye ncha, akajaza senene, akampa. Benigna akala wawili, watatu. Kisha akatazama alichoshika.

Ilikuwa picha ya mnara uliozama nusu ziwani, na pembeni mwake, kwa penseli, maneno haya: *Evelyne aliangukia hapa!!*

Ulikuwa mwandiko wa Benigna mwenyewe, na Evelyne alikuwa mmoja wa wenzake wa mchezo.

"Dada," akasema. "Karatasi hizi umezipata wapi?"

"Nzuri, eti?" Joyness akafurahi. "Nzito, hazipitishi mafuta. Wateja wanazipenda, zina picha. Nimeletewa na mama mmoja wa Nshamba, Ma Clotilda. Alikuja nazo mwenyewe na mtu wa bodaboda, sanduku zima."

"Zimebaki?"

Joyness akainama chini ya meza. Majalada yalikuwa yamebaki, magumu, yamepangwa vizuri kwa ajili ya kuwekea chungu. Na kilibaki kitabu kimoja, au tuseme nusu yake. Kilikuwa kimechanwa jalada na sura za mwanzo, kikaachwa.

"Hiki karatasi zake laini," Joyness akaeleza. "Mafuta yanapita. Unakitaka? Chukua tu, dada. Mbona unalia? Senene wana chumvi nyingi?"

Benigna hakupanda gari la kwanza. La pili nalo likajaa likaondoka.

Alimkuta mama yake kibanjani, anakata majani makavu ya migomba kwa mundu. Ma Clotilda alipomwona alifungua mikono kumpokea, kisha akaona nusu ya kitabu kwapani mwa binti yake, na mikono ikashuka yenyewe.

"Umepitia Muleba," akasema.

"Mama, vitabu vyangu uliviona vimekukosea nini?"

"Nilikuwa nafagia. Nikasema nivianike, visiliwe na mchwa. Nikafungua kimoja." Ma Clotilda akaangalia pembeni. "Benigna, kulikuwa na kitu chenye mapembe. Kimekaa kwenye kiti, kinacheka. Nikafungua kingine, mapembe tena, na moto. Humo ndani ya nyumba ambamo baba yako alifia, na rozari iko ukutani."

"Ni picha, mama."

"Picha za nini? Mtu mzima, msomi, anaficha vitu vya namna hiyo kwenye sanduku, amevifunga na nailoni! Uliondoka hapa na pete kidoleni. Julius na ndugu zake walikuwa wamekuja, tumewapa pombe ya lubisi, tumecheka nao. Baada ya muda pete haipo, Julius hayupo, na wewe ukiulizwa unasema mambo yameisha. Nikajiuliza, yameishaje hivi hivi? Ndipo nikaona vile vitabu, nikasema, kumbe."

Benigna alikuwa amejiandaa kugomba. Hilo la Julius halikuwamo katika aliyojiandalia.

"Julius alipata mwanamke mwingine Mwanza, mama. Hakuna pembe lililohusika."

Ma Clotilda akaweka mundu chini. Kuku akapita katikati yao akiparua.

"Nilitaka kuvichoma," akasema baadaye, kwa sauti ndogo. "Niliwasha hata moto. Nikashindwa. Mimi darasa la nne nilitolewa shuleni, kitabu kwangu ni kitu kikubwa, siwezi kukitia motoni. Ndipo nikavipeleka kwa yule binti."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza."

Lakini hilo halikutosha. Benigna alilala Nshamba usiku huo kwa sababu gari hakuna, na asubuhi akaondoka amekunywa chai nusu kikombe. Krismasi, Wahaya wote wanaporudi makwao hata walioko mbali namna gani, yeye alisema duka halina mtu wa kubaki. Simu za mama yake alizipokea, akajibu salamu, akauliza habari za migomba, akaaga.

Waliokuwa wakicheza naye walikuwa watu watatu. Josia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mlutheri mwenye sauti ya kwaya, na Jumamosi mchana walikutana nyumbani kwake Ijuganyondo. Evelyne alikuwa fundi cherehani. Projestus aliuza vipuri vya pikipiki na hakuna siku mhusika wake aliwahi kukubali kukimbia vita. Benigna alipowaletea habari, walitazamana kama watu waliofika msibani bila kujua waanze na wimbo gani.

Projestus ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo ule mnara wetu watu wameulia senene?"

Evelyne akamkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa. Josia alishaanza kucheka, na Benigna, ambaye kwa wiki nzima alikuwa amelia akitoka kazini, akajikuta anacheka mpaka anashika mbavu.

"Tumebakiwa na nini?" Josia akauliza walipotulia.

Benigna akaweka mezani nusu ya kitabu. Kilikuwa kile ambacho hakuwahi kukithamini. Alikinunua kwa sababu kilikuwa pale. Kilianzia katikati ya sentensi. Kanuni za dadu zilikuwepo, chache na nyepesi. Lakini nchi, watu wake, miungu yake, historia yake, vyote vilikuwa vimekwenda na sura za mwanzo.

"Basi mwanzo tutautengeneza wenyewe," Josia akasema. "Kwani lazima kila siku tupigane na watu wa theluji? Projestus, wewe theluji umewahi kuiona?"

"Kwenye friji."

Ndivyo walivyoanza. Wakaiumba nchi yenye ziwa kubwa lisilo na ng'ambo, na kisiwa kilichoonekana tu asubuhi zenye ukungu. Wakaweka vilima vya migomba, makaburi ya wafalme yanayolindwa na wanawake, na chumvi iliyobebwa kwa miguu kutoka magharibi. Mwanzoni lilikuwa jambo la kujifariji. Lakini Benigna akaona kitu ambacho miaka yote hakuwahi kukiona: alipokuwa akisimulia, hakusimama tena kutafuta neno la Kiswahili la kitu cha Kizungu. Na lilipokosekana la Kiswahili, alitupia la Kihaya, wote wakamwelewa, hadithi ikaendelea kutembea.

Mwezi wa pili Ma Clotilda alipiga simu. Jicho la kulia lilikuwa limeziba kabisa. Waliompima walisema ni mtoto wa jicho, akafanyiwe upasuaji mjini, kisha akae karibu na hospitali mpaka aruhusiwe.

"Nitakaa kwa binti wa dada yangu Kitendaguro," akaongeza haraka. "Nisikusumbue."

"Utakaa kwangu," Benigna akasema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ma Clotilda akarudi Kibeta na jicho limefunikwa pamba na plasta, na lile la kushoto nalo halikuwa zima. Mama na binti waliishi kwa adabu kubwa, kama wageni wawili katika nyumba moja. Kila mmoja alimshukuru mwenzake kwa kila kitu. Habari ya vitabu haikuguswa.

Jumamosi ilipofika, Benigna hakuweza kumwacha mgonjwa peke yake, kwa hiyo wenzake wakaja kwake. Aliwaomba wacheze sebuleni, taratibu. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi kwa kupapasa. Alikataa katakata kuacha kumenya, alisema vidole havijapasuliwa.

Siku hiyo wasafiri wa mchezo, wakiwa na mizigo ya chumvi, walikuwa wamefika kwenye lango la njia pekee inayoteremka ziwani. Langoni alikaa mlinzi, jitu refu lisilofumba macho. Projestus alitaka kupigana naye. Dadu zikamkatalia, mkuki wake ukavunjika. Evelyne akajaribu kupita kwa kunyata, akashikwa ukosi wa nguo, akarudishwa. Josia akaanza kutafakari kuchimba chini ya ukuta.

"Tunachimba," akasema. "Narusha dadu."

"Kwani ninyi," sauti ikatoka mlangoni mwa jikoni, "huyo mtu hamumsalimii?"

Wakageuka. Ma Clotilda alikuwa amesimama na kisu mkononi, kichwa ameinamisha upande wa sikio.

"Nimewasikia tangu mwanzo," akaendelea. "Mmefika kwa mtu. Mmoja amempiga, mwingine ametaka kumpita kama mwizi, na sasa mnamchimbia ukuta. Hakuna hata mmoja aliyemsalimia. Mngekuwa wanangu ningewachapa."

Projestus akamtazama Benigna. Benigna hakujua atazame wapi.

Josia, ambaye malezi yalikuwa yamemkolea, akasimama na kumwachia kiti, akamwita kwa neno la Kihaya la heshima. "Kweli tumekosa, waitu. Njoo umsalimie wewe."

"Mimi nitaweza?"

"Sema tu wewe ni nani katika safari hii, na unasema nini."

Ma Clotilda akakaa, akaweka kisu mezani, akafuta mikono kwenye kitenge. "Mimi ni Kokushubila," akasema. Lilikuwa jina la bibi yake. "Ni mama mtu mzima. Nimebeba chumvi kama hawa, ila mimi natembea polepole, ndiyo maana nimechelewa kufika." Kisha akageuza uso kuelekea alikodhani limekaa jitu, akainama, akasalimia kwa Kihaya, salamu ndefu ya zamani wanayopewa wakubwa, yenye kuuliza habari za nyumba, za mifugo na za waliolala.

Benigna alikuwa msimulizi. Ilimbidi alijibie jitu. Akajibu kwa sauti nzito. Likaitikia salamu. Likasema miaka imekuwa mingi tangu mtu aliulize limelalaje.

"Pole, waitu," Kokushubila akasema. "Kazi ya kukaa mlangoni ni ya upweke. Na miguu huvimba."

Evelyne akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nitakufungulia, mama," jitu likasema. "Lakini lango lina desturi yake. Wenzako hawa watatu, mmoja wao aniachie mzigo. Chagua wewe. Wao wamechoka na safari, wamelala pale kwenye nyasi, hawatajua."

Benigna alisema hivyo kwa sababu hadithi ilitaka kikwazo. Neno lilipokwisha kutoka ndipo aliposikia alichokisema.

Ma Clotilda naye alikuwa amesikia. Vidole vyake vilipapasa ukingo wa meza, kwenda na kurudi.

"Hapana," akasema.

"Ni mzigo mmoja tu. Wewe hujui hata mna nini ndani."

"Ndiyo sababu. Sijui mna nini ndani." Sauti haikuwa tena ya Kokushubila peke yake. "Mzigo wa mtu hauguswi amelala. Hata ukiuogopa. Mtu unamwamsha, unamuuliza, mwanangu, umebeba nini? Yeye atakueleza. Mimi nilishafanya kosa hilo mara moja, bwana mlinzi, na njia ikawa ndefu sana baada ya hapo. Chukua wangu."

Benigna aliona meza inayeyuka machoni mwake, akapangusa uso haraka kwa mkono wa gauni.

"Rusha dadu, mama," akasema. Akamwekea kiganjani ile kubwa yenye nyuso nyingi. "Ikitoka namba ya juu, mlinzi ataguswa na maneno yako, mtapita wote na mizigo yenu."

Ma Clotilda akairusha. Ikabingirika, ikagonga kisu, ikatulia.

"Imesemaje?"

"Moja," Projestus akasema kwa uchungu. Hakuna namba mbaya kuliko hiyo.

"Yaani amekataa?"

"Amekataa, mama," Benigna akasema. "Amechukua chumvi yako, na lango amelifunga."

Ma Clotilda akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho Benigna hakuwa amekisikia tangu baba yake alipokuwa hai. "Mawe, mama wee! Jitu lina roho mbaya hilo! Nimelisalimia vizuri namna ile! Haya, Josia, tuchimbe."

Wakachimba. Ndizi zikachelewa kuiva siku hiyo, na hakuna aliyelalamika.

Wageni walipoondoka, mama na binti walibaki wakiosha vyombo, mmoja anaosha, mwingine anapangusa.

"Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye vile vitabu?" Ma Clotilda akauliza.

"Ndiyo hayo."

"Mbona ni ebigano? Ni hadithi tulizokuwa tunapigiwa jikoni kwa bibi. Anasema, nilikuja nikaona. Na sisi tunaitikia, ona, nasi tuone. Ila hizi zenu mtu anaingia ndani kabisa."

"Ni ebigano, mama. Vya watu wa mbali, lakini ndivyo."

"Basi ungesema." Akapangusa sahani iliyokwisha kukauka. "Na mimi ningeuliza. Nisamehe, mwanangu. Siwezi kuvirudisha."

"Nilikuficha na mimi," Benigna akasema. "Nilidhani utacheka. Mtu wa umri wangu, anacheza." Akamaliza kikombe cha mwisho. "Na habari za Julius nilikuficha kwa sababu niliona haya. Unataka nikwambie?"

"Niambie."

Akamwambia. Ilichukua sufuria mbili za chai.

Jicho lilipopona Ma Clotilda alirudi Nshamba, lakini simu zikabadilika. Sasa alipiga kusema amekumbuka habari ya mto uliokuwa ukidai jina la kila anayevuka, au ya mwanamke aliyeolewa na mvua, na je, vinaweza kuwafaa? Vilifaa. Josia aliandika yote kwenye kompyuta ya shule baada ya vipindi, Evelyne akachora watu na nguo zao kwa jicho la mshonaji, na kitabu kikapigwa chapa stesheneri moja mjini, kurasa zimeshikwa kwa waya. Hakikuwa na karatasi za kung'aa. Benigna alikinusa hata hivyo. Na kutoka Kampala aliletewa tena kitabu kikubwa, cha kwanza tangu ule msiba. Alikiweka rafuni kando ya chao, akaona vinapendezana.

Mwezi wa nane walikwenda Nshamba wote wanne. Ma Clotilda alikuwa ameita jirani zake wawili wa jumuiya ya kanisani, na Joyness alikuwa amefika kutoka Muleba amevaa nguo ya kanisani, maana aliambiwa kuna sherehe na hakuelewa ya nini. Meza ilitolewa nje, mbele ya nyumba, kahawa za kutafuna zikapitishwa kwa wageni. Benigna akakaa upande wake wa kawaida, akafungua kitabu, akapanga dadu.

"Sogea," mama yake akamwambia. "Leo nasimulia mimi. Kitabu chenu nimekisoma, kwa jicho langu hili."

Projestus akapiga makofi. Benigna akahamia kwenye benchi, kati ya Joyness na jirani mmoja. Miaka yote ya Bukoba, yeye ndiye aliyekuwa na vitabu, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimulia. Hakuwahi hata mara moja kuwa msafiri.

Ma Clotilda akakohoa kidogo, akawatazama mmoja mmoja. Akaanza. Palikuwa na asubuhi yenye ukungu, akasema, na kisiwa kikaonekana karibu kuliko siku nyingine zote, na ufukweni palikuwa na mtumbwi usio na mwenyewe. Alieleza rangi ya maji. Alieleza harufu. Joyness akashika mkono wa Benigna bila kujua.

"Haya, mwanangu," Ma Clotilda akasema, akamgeukia. "Umefika ufukweni. Mtumbwi ndio huo. Unafanya nini?"

Benigna akavuta pumzi, akafikiri, akaanza kujibu.